Noheli ya watoto Gitega na Muyinga: Wimbo gani, kwa lugha gani?

GITEGA na MUYINGA, Burundi

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kabanga, upande wa Tanzania, kuingia Kobero, upande wa Burundi, jioni ya Desemba 24 hupata saa moja ambayo hailipiwi ushuru. Saa za Tanzania ziko mbele ya saa za Burundi. Ikiwa ni saa nne usiku Ngara, Muyinga bado ni saa tatu. Kwa aliyecheleweshwa na foleni ya forodha, saa hiyo moja inaweza kuamua kama atawakuta watoto wake wakiimba kanisani au wameshavua sare na kulala.

Kufika kwa wakati ni jambo moja. Jambo la pili ni kile atakachokisikia akifika. Watoto wataimba kwa Kirundi, lugha ya nyumbani? Wataimba kwa Kifaransa, lugha ya daftari la shule? Au kwa Kiswahili, lugha ambayo mzazi huyo anaitumia kila siku kuuliza bei, kukodi gari na kuelewana na wakala wa forodha?

Uamuzi huo haufanywi usiku wa mkesha. Hufanywa wiki kadhaa kabla, katika Majilio, majira ya Jumapili nne zinazotangulia Krismasi, ambapo kwaya hufanya mazoezi ya nyimbo ambazo hazitaimbwa kwenye ibada mpaka mkesha wenyewe. Wiki hizo ndizo pia za msimu mkubwa wa biashara. Mzazi yuko Kahama au Mwanza akitafuta mzigo wa sikukuu, na mwalimu wa kwaya yuko peke yake na rundo la makaratasi, akichagua maneno ambayo watoto watayakumbuka hadi uzeeni.

Burundi yote huliita jambo hili Noheli, na salamu ya msimu ni "Noheli nziza". Lakini mazingira ya Gitega, mji mkuu wa kisiasa ulioko katikati ya nchi, si sawa na ya Muyinga, mji wa kaskazini mashariki unaotazama Tanzania. Barabara inayopita Karuzi inaiunganisha miji hiyo miwili. Anayeifuata akiwa na swali la nyimbo za watoto kichwani anakutana na historia, siasa ya lugha, na hesabu za mfukoni.

Lugha ya soko mbele ya altare

Burundi ina bahati ambayo nchi nyingi za Afrika hazina: karibu wananchi wake wote wanaelewa lugha moja, Kirundi. Kifaransa kilibaki kuwa lugha ya ofisi na shule tangu enzi za Wabelgiji, na sheria ya mwaka 2014 ikakiongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili nacho kiliingizwa katika madarasa ya shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, wakati nchi ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilijiunga nayo rasmi Julai 1, 2007.

Kwenye karatasi, basi, Kiswahili hakina tatizo. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, unasema katika kifungu cha 137 kwamba Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa siku yake duniani.

Mtaani hadithi ni nyingine. Kwa miaka mingi Warundi wengi wamekiona Kiswahili kuwa lugha ya mjini, ya wachuuzi, ya madereva na ya Waislamu. Neno "Umuswahili" katika Kirundi limebeba maana ya mtu mjanja, asiyeaminika, anayeweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua sifa hiyo, kwa kuwa wengi wao wameitwa hivyo.

Ndiyo sababu suala la wimbo mmoja wa watoto si dogo. Mtoto wa mfanyabiashara anaposimama mbele ya waumini na kuimba habari za kuzaliwa kwa Yesu kwa Kiswahili, lugha inayodharauliwa kama ya ulaghai inatumika kusema jambo takatifu. Na mwalimu anapoiondoa lugha hiyo kwenye orodha kwa kuona kwamba si ya kanisani, mtoto huyo anaelewa ujumbe hata kama hakuna aliyeutamka.

Wanaotetea Kirundi nao wana hoja nzito. Mtoto wa miaka sita huelewa kikamilifu lugha ya mama yake, na wimbo usioeleweka ni kelele tu. Bibi aliyeketi kwenye benchi la nyuma, ambaye hajawahi kuvuka mpaka, ana haki ya kuelewa anachoimba mjukuu wake. Nyimbo za Kirundi zisipoimbwa na watoto leo, hakuna atakayezijua kesho. Hoja hizi haziwezi kutupwa kwa jina la mtangamano.

Gitega: mji wa ngoma

Gitega inabeba uzito wa mila kuliko mji mwingine wowote wa Burundi. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Mugera, jirani na mji huu, mwaka 1899, na mahali hapo hadi leo huenda mahujaji wengi kumheshimu Bikira Maria. Wajerumani waliweka makao ya utawala hapa mwaka 1912, mji ukiandikwa Kitega. Askari na wachuuzi waliozungumza Kiswahili walikuja pamoja na utawala huo, kwa hiyo Kiswahili nacho si mgeni wa jana katika vilima hivi.

Kilomita chache kutoka mjini iko Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hizo na mchezo wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili: chombo kinachopigwa, na utawala wa mfalme. Wimbo unaomwita mtoto wa Bethlehemu "Umwami", yaani mfalme, una mwangwi wa pekee kwa masikio ya Gitega, ingawa ufalme wenyewe ulikoma Novemba 1966.

Mwalimu wa kwaya angependa basi watoto waimbe wakisindikizwa na ngoma. Hapo anapaswa kuwa mwangalifu. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti juu ya ngoma ya asili: vikundi vinavyotaka kuipiga nje ya sherehe rasmi vinahitaji kibali cha wizara inayosimamia utamaduni, na wanawake hawaruhusiwi kuipiga kabisa. Ngoma ndogo ya kusindikiza kwaya si ngoma ya Gishora, lakini mwalimu mwenye busara hapangi onyesho la Noheli linaloiga wapiga ngoma wa mfalme, hasa kama nusu ya kwaya yake ni wasichana.

Kuna vyombo vingine vya kutosha. Burundi ina inanga, zeze la kigogo lenye sauti ya chini inayofaa wimbo wa kumbembeleza mtoto. Ina umuduri, upinde wenye uzi na kibuyu, na indingidi, ambayo ni fidla ya uzi mmoja. Ina inyagara, manyanga ambayo mtoto wa miaka saba anayamudu baada ya somo moja. Na ina makofi, ambayo hayahitaji kibali cha mtu.

Juu ya hayo, ina "imvyino", nyimbo za kundi zenye kiitikio kifupi na mapigo ya nguvu, ambapo mmoja huanzisha na wengine huitikia, na beti zinaweza kutungwa papo hapo. Kwa watoto, mtindo huu ni hazina. Mtoto mkubwa mwenye kumbukumbu nzuri anabeba beti, wadogo wanabeba kiitikio, na anayesahau maneno haaibiki kwa sababu kundi linamchukua.

Muyinga: mpaka ndani ya kwaya

Ukifika Muyinga, hesabu inabadilika. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Burundi hupita Kobero, na Kiswahili kinasikika hadharani bila kuomba radhi. Mji una Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za bara la nchi. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Ngara, wenyeji huzungumza Kihangaza, ambacho kimekaribiana sana na Kirundi, kiasi kwamba mama wa Muyinga na mama wa Ngara wanaweza kupatana bei kila mmoja kwa lugha yake.

Halafu wako watoto waliokuja na Kiswahili si kwa sababu ya biashara bali kwa sababu ya vita. Kambi ya Kinama, katika eneo la Gasorwe, imehifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 2002. Wengi wao chimbuko lao ni Kivu Kusini, ambako Kiswahili ndiyo lugha inayounganisha makabila. Mtoto aliyezaliwa kambini anaweza kuwa hajawahi kuiona Uvira wala Bukavu, lakini sala alizofundishwa na mama yake zikawa za Kiswahili.

Wapo pia Warundi waliorudi. Tangu Septemba 2017 mashirika ya wakimbizi yamekuwa yakiwarejesha kwa mpango Warundi waliokuwa kambi za Nduta na Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kabla yao, mwishoni mwa miaka ya 2000, walirejea makumi ya maelfu ya waliokimbia mauaji ya 1972 na watoto waliozaliwa Tanzania. Vijana hao waliingia madarasa ya Kirundi na Kifaransa wakiwa na Kiswahili cha shule za Tanzania, na wengi walirudishwa nyuma madarasa kwa sababu ya lugha peke yake.

Kwa mtoto wa namna hiyo, wimbo wa Noheli kwa Kiswahili unaweza kuwa nafasi ya kwanza ya kuwa mjuzi mbele ya wenzake. Safari hii ni yeye anayewasahihisha matamshi. Mwalimu anayelijua hilo humweka mbele, amwache aanzishe, na wengine wamfuate. Gharama yake ni sifuri.

Wimbo wa Kiswahili Muyinga, kwa hiyo, una kazi tofauti na ile ya Gitega. Gitega unafungua mlango kwa walio nje. Muyinga unawatambua walio ndani tayari.

Neno likigeuka maana

Walimu wa kwaya hukutana na tatizo jingine ambalo wafanyabiashara wa tafsiri za haraka hawalioni. Kirundi ni lugha ya toni. Neno lililoandikwa kwa herufi zilezile linaweza kuwa na maana mbili, kutegemea sauti inapanda au inashuka wapi. Mfano wa karibu kabisa na Krismasi ni neno "inda". Likitamkwa kwa namna moja ni tumbo, au mimba. Likitamkwa kwa namna nyingine ni chawa.

Wimbo unaomsifu Bikira Maria na mimba yake, ukiwekwa juu ya muziki wa Ulaya ambao hauheshimu toni za Kirundi, unaweza kuwachekesha watoto mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kicheko. Masikio ya waumini husamehe, kwa kuwa muktadha unasaidia. Hata hivyo wimbo uliotungwa na Mrundi, kwa kufuata mwendo wa lugha yenyewe, hauhitaji kusamehewa.

Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo, na mkazo huo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki ukiulazimisha mahali pengine, neno linapinda. Kila dereva anajua kwamba "barabara" ya magari si ile "barabara" ya kusema mambo yako sawasawa, na tofauti yake ni mkazo tu. Njia rahisi ya kupima tafsiri ni kuisoma kwa sauti ya kawaida, kisha kuiimba. Kama maneno yanakaa mahali tofauti kabisa, tafsiri hiyo irudishwe kwa fundi.

Kuna pia theluji. Nyimbo nyingi za Ulaya na Marekani zimejaa baridi ya Desemba. Desemba ya Burundi ni mwezi wa mvua, mashamba yana mahindi na maharage ya msimu wa kwanza, na neno la Kirundi linalotumika kwa theluji, "urubura", ndilo linalotaja mvua ya mawe. Kwa mkulima wa Karuzi, urubura si pambo la sikukuu. Ni hasara ya msimu. Mtoto anayeimba akiisifu mvua ya mawe anamshangaza babu yake.

Zilizosafiri na zilizozaliwa hapa

Hii haina maana kwamba kila wimbo wa mbali utupwe. "Usiku mtakatifu", kama unavyojulikana kwa Waswahili wengi, uliimbwa kwa mara ya kwanza Desemba 24, 1818, katika kanisa dogo la Oberndorf, Austria. Maneno yaliandikwa na padri Joseph Mohr na muziki na mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber. Uliimbwa na sauti mbili na gitaa. Ulikuwa wimbo wa parokia ya watu wa kawaida, na unyenyekevu huo ndio uliousafirisha. Mwendo wake wa taratibu ni wa bembelezo, na kila utamaduni una bembelezo.

Nyingine zinahitaji kuulizwa zimebeba nini. "Petit Papa Noël", uliopata umaarufu kwa sauti ya Tino Rossi mwaka 1946 na kuenea katika nchi zinazozungumza Kifaransa, humwomba Baba Krismasi zawadi. "Jingle Bells", uliochapishwa Marekani mwaka 1857, unazungumzia mbio za kigari kinachokokotwa na farasi juu ya theluji, na hautaji Krismasi wala Yesu mahali popote. Si kosa kuziimba kwenye tafrija. Lakini mzazi asiye na uwezo wa kununua zawadi mwezi ambao karo na chakula vinambana ana haki ya kujiuliza kwa nini mwanawe anafundishwa kudai.

Upande wa pili uko mfano uliotoka jirani. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, padri Mfransisko Guido Haazen aliongoza kwaya ya wavulana na walimu wao iliyotoa "Missa Luba". Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini muziki ulijengwa juu ya mitindo ya Kiluba, na sehemu kubwa ilitungwa kwa kuitikiana bila nota za kuandikwa. Kwaya hiyo ya watoto ilizunguka Ulaya mwaka huohuo na rekodi yake ikasikika duniani kote.

Uganda ilimtoa Joseph Kyagambiddwa, ambaye utunzi wake mkubwa juu ya Mashahidi wa Uganda uliimbwa Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Tanzania ilimtoa padri Stephen Mbunga, aliyechapisha mwaka 1963 kitabu kinachochambua sheria za kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyotaka muziki wa wenyeji uheshimiwe katika nchi za misheni. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Gitega anayechagua imvyino badala ya wimbo wa theluji habuni jambo geni. Anafuata njia iliyokwisha kufyekwa na watu wa ukanda huu.

Leo njia hiyo inapita kwenye simu. Nyimbo za kwaya za Tanzania, kama zile za Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi ya Dar es Salaam, husikika mbali na nchi zilikotungwa. Kizito mwenyewe, mdogo kuliko mashahidi wote wa Uganda, ndiye msimamizi wa watoto. Wafanyabiashara ndio wamekuwa wapagazi wa muziki huu: umo kwenye flashi ya redio ya lori, umo kwenye simu ya mama anayeuza dagaa.

Sauti ya mtoto si ya mtu mzima

Hapo ndipo makosa ya kiufundi huanza. Kwaya ya watu wazima huimba kwa sauti nne, na sauti ya kwanza hupanda juu sana. Mtoto akiiga rekodi hiyo, atapiga kelele badala ya kuimba, na baada ya wiki mbili za mazoezi sauti itakuwa imekauka kabla ya mkesha.

Kwa wastani, mtoto wa shule ya msingi huimba kwa starehe ndani ya eneo la nota nane, kuanzia do ya kati ya kinanda hadi do ya juu yake, na aliyekomaa kidogo huongeza moja au mbili. Wimbo unaozidi hapo ushushwe, au uachwe. Beti tatu zinatosha. Sauti moja iliyo safi inapendeza kuliko sauti tatu zinazogombana.

Kuna na mtego wa karatasi. Makaratasi ya kwaya za Tanzania, Kenya na Uganda mara nyingi huandikwa kwa herufi za d, r, m, ambapo do huhama kulingana na ufunguo wa wimbo. Mwalimu aliyesoma muziki kwa mtindo wa Kifaransa anaijua do isiyohama. Akisoma karatasi ya Tanzania kwa macho ya Kifaransa, wimbo unaweza kuishia mahali pa juu au pa chini ambapo mtunzi hakupakusudia. Mfanyabiashara anayemletea mwalimu karatasi kutoka ng'ambo afanye pia hisani ya kuleta rekodi yake.

Sare, vyeti na haki ya mtunzi

Noheli ya watoto ina gharama, na mara nyingi jina la kwanza kutajwa kwenye michango ni la mzazi mwenye biashara. Kitambaa cha sare ndicho mzigo mkubwa. Kwa wanaovusha vitenge kwa kiasi kidogo, ni vizuri kukumbuka kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unaruhusu bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kitenge kilichofumwa Tanzania kinaweza kuingia humo. Kitenge kilichotoka China na kupita Dar es Salaam tu hakiingii, hata kama kimenunuliwa Kariakoo.

Hata hivyo sare haiimbi. Fedha zikiwa chache, walimu wazoefu hupendelea kitambaa cheupe cha nyumbani na utepe mmoja, kisha kiasi kilichobaki kiende kwenye nauli na chai ya mazoezi. Mtoto aliyefanya mazoezi na njaa hujulikana katika beti ya pili.

Jambo la mwisho katika mfuko ni haki ya mtunzi. Mkataba wa Berne unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Gruber alifariki mwaka 1863, kwa hiyo muziki wake ni wa wote, ingawa tafsiri mpya ya maneno inaweza kuwa na mwenyewe. Wimbo wa mtunzi aliye hai ni mali yake. Kuuimba kwenye ibada na kurekodi watoto wakiuimba kisha kuuza flashi sokoni ni mambo mawili tofauti. Mfanyabiashara asiyekubali mzigo wake unakiliwe na kuuzwa na jirani anaielewa hoja hii bila mwanasheria.

Shule si kanisa

Katika mji kama Muyinga kuna mpaka mwingine wa kuheshimu. Darasa moja lina watoto wa Kikatoliki, wa Kianglikana, wa Kipentekoste na wa Kiislamu, na sherehe ya kufunga muhula mara nyingine huchanganywa na Noheli. Burundi inazitambua Krismasi na Idi zote mbili kuwa sikukuu za taifa, na majirani wamezoea kutumiana sahani. Kurani ina sura nzima, ya 19, yenye jina la Maryam.

Lakini kumheshimu Maryam si sawa na kumwimba mwanawe kama Mwana wa Mungu. Njia yenye adabu ni kuziacha nyimbo za imani zibaki kanisani, na kwenye sherehe ya shule kuchagua nyimbo za furaha, za mavuno, za kuwakaribisha wageni na za kuwashukuru wazazi. Mzazi wa Kiislamu aulizwe mapema, si siku ya sherehe mwanawe akiwa ameshavalishwa. Wafanyabiashara wa imani mbili wanaokopeshana mizigo mwaka mzima hawahitaji ugomvi wa wimbo mmoja.

Kabla ya kupanda lori

Ikiwa mzazi anataka kusikilizwa juu ya nyimbo za Noheli, wakati wake ni Novemba, kabla ya safari ndefu za msimu. Mwalimu wa kwaya, ambaye mara nyingi hujitolea bila malipo, hupokea ushauri vizuri zaidi ukija pamoja na msaada: rekodi nzuri, karatasi iliyoandikwa vizuri, kilo mbili za sukari kwa ajili ya chai ya watoto.

Orodha inayofaa miji yote miwili si ngumu kuifikiria. Nyimbo nyingi ziwe za Kirundi, kwa mtindo wa imvyino, ili bibi na mjukuu waimbe pamoja. Mmoja uwe wa zamani unaojulikana dunia nzima, kwa maneno yaliyopimwa vizuri. Na angalau mmoja uwe wa Kiswahili, uimbwe mzima, si ubeti mmoja wa kuwafurahisha wageni. Maneno yanayokutana katika lugha zote yapo tayari: Noheli ya Kirundi, Noeli ya Kiswahili na Noël ya Kifaransa ni neno moja lililovaa nguo tatu. Aleluya haihitaji mkalimani, wala Emanueli.

Kwa familia zinazoishi kwa kuvuka mpaka, uchaguzi huo una maana ambayo haimo kwenye hotuba za mikutano ya Jumuiya. Lugha inayomlisha mtoto mwaka mzima ikikubaliwa pia kanisani siku moja, mtoto huyo hataona haya mama yake akimwita kwa Kiswahili sokoni Januari.

Na yule aliyekwama Kabanga akisubiri muhuri asivunjike moyo. Akivuka mpaka saa nne na nusu, upande wa pili bado ni saa tatu na nusu, na Muyinga hapako mbali.